Maktaba Kugeuzwa Fleti: Magari Yataegeshwa Wapi?

Barua za wasomaji wetu waishio Uingereza zimeelekea karibu zote upande mmoja mwezi huu: majengo ya umma yaliyofungwa yanaombewa kibali cha kugeuzwa makazi, na majirani wanahofia nafasi za kuegesha magari. Majibu yafuatayo yanahusu England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Maktaba ya mtaani kwetu imeombewa kibali cha fleti 14, zenye nafasi nne tu za magari. Tukikusanya saini za mtaa mzima, ombi litakataliwa?

Saini peke yake hazitoshi, na aghalabu orodha nzima huhesabiwa kuwa pingamizi moja. Sera ya taifa ya mipango inaruhusu ombi kukataliwa kwa sababu za barabara pale tu ambapo usalama utaathirika kwa kiwango kisichokubalika, au athari zote zikijumlishwa ziwe nzito mno. Adha ya kuzunguka mtaa mara tatu ukitafuta pa kuegesha, hata kama inakera, mara nyingi haifiki huko. Tena maktaba hiyo ilipokuwa wazi nayo ilivuta magari, na mtaalamu wa mwombaji hataacha kulikumbusha hilo. Hoja yenu ijengeni kwenye saa: wasomaji walikuja mchana wakaondoka, ilhali wakazi wapya watarudi jioni, wakati uleule mnaorudi ninyi.

Mwombaji ameambatisha ripoti isemayo kuwa mtaa una nafasi za kutosha. Sisi hatuzioni. Wamehesabu nini?

Ripoti nyingi hufuata utaratibu ulioanzia katika halmashauri ya Lambeth, London. Wapimaji hupita katika mitaa yote iliyo ndani ya mwendo wa mita 200 kutoka kwenye jengo, katika siku mbili tofauti za katikati ya wiki, kati ya saa sita na nusu usiku na saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wakiwa wamelala na magari yao yapo nje. Kila gari hukadiriwa mita 5 za ukingo wa barabara. Nafasi zilizokaliwa zikivuka asilimia 85, halmashauri nyingi huuhesabu mtaa kuwa umeelemewa.

Mimi na jirani yangu tuliwahi kuirudia hesabu ya namna hiyo usiku, kwa utepe wa kupimia na tochi ya simu. Kati ya malango mawili ya magari palikuwa na mita 17, ambazo ni nafasi tatu, na mita 2 zinazobaki haziegeshi kitu. Ripoti ilikuwa imejumlisha ukingo wote wa mtaa kisha ikagawanya kwa 5, na mabaki ya namna hiyo yakageuka nafasi kumi za kufikirika. Pimeni wenyewe, andikeni tarehe na saa, mpige picha. Ukurasa mmoja wa vipimo utamshughulisha afisa mipango kuliko kurasa ishirini za malalamiko.

Wanasema zitakuwa "nyumba zisizo na magari". Nani atamzuia mpangaji kuja na gari lake?

Hakuna amzuiaye kumiliki gari. Kinachofanyika ni makubaliano chini ya kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango Miji ya 1990, ambayo huwanyima wakazi wa jengo hilo pemiti za kuegesha mtaani, isipokuwa wenye ulemavu wanaostahili. Mpango wa London wa 2021, yaani sera za ujenzi za jiji hilo, unauchukulia utaratibu huo kuwa wa kawaida katika maeneo yenye usafiri mzuri wa umma. Lakini mtaa usio na pemiti hauna cha kumnyima mtu, na hapo ahadi hiyo, kwa maoni yangu, ni maneno matupu. Ulizeni kwanza kama mtaa wenu umo katika eneo la pemiti. Kama haumo, dai lenu liwe kwamba mwombaji agharimie kulianzisha.

Je, wanaweza kuligeuza jengo bila kuomba kibali kamili?

Kwa maktaba, hapana. Ofisi zimekuwa na njia ya mkato tangu 2013, na tangu 2021 njia hiyo imepanuliwa hadi kwenye maduka; hata huko halmashauri hupima athari za usafiri, na fleti haiwezi kuwa chini ya mita za mraba 37. Msiishie kwenye magari, basi: someni ramani za ndani muone ukubwa wa vyumba na madirisha, maana wanaohamia ni majirani zenu.

Waumini wa msikiti wetu huegesha katika ua wa maktaba hiyo kila Ijumaa, kwa ruhusa ya halmashauri. Tumepata haki?

Hapana. Ruhusa haizai haki, hata idumu miaka mingi. Hata hivyo Ijumaa adhuhuri wakazi wengi huwa kazini, kwa hiyo muombeni mmiliki mpya makubaliano ya maandishi ya saa hizo.

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya taa wiki mbili zilizopita. Nimechelewa?

Hujachelewa. Muda wa maoni haupungui siku 21 tangu lilipobandikwa, kwa hiyo una wiki moja hivi. Peleka barua yako kwa maandishi, ukitaja namba ya ombi iliyo kwenye tangazo hilo.