Paja la mtoto fupi kwenye altrasaundi: anza na hesabu ya wiki

Dada mmoja wa Tandahimba ameniandikia: kapimwa altrasaundi, kaambiwa mtoto ana mapaja mafupi, basi. Je, ni ugonjwa wa kurithi? Dada yangu, ngoja. Kabla ya mfupa, uliza tarehe.

Mimba ya wiki 20, mfupa wa paja huwa kama milimita 33. Ya wiki 24, kama 43. Ukikosea wiki nne tu, mtoto mwenye afya anaonekana paja lake limepungukiwa sentimita nzima. Na huku kwetu wangapi wanahesabu mimba "tangu korosho zianze kudondoka"? Altrasaundi ya kabla ya wiki 14, inayompima mtoto kichwa hadi makalio, ndiyo inayopanga tarehe vizuri. Karatasi yake ikae ndani ya kadi ya kliniki, si chini ya godoro.

Kosa lingine ni la upimaji. Mfupa lazima ulale kwenye picha, ncha zote mbili zionekane. Mfupa ukielekea kifaa cha kupimia, unatoka mfupi. Omba upimwe mara tatu.

Tarehe ikiwa sahihi na paja bado fupi, rudi baada ya wiki tatu au nne. Tumbo la mtoto nalo likiwa dogo na presha yako imepanda, huenda kondo la nyuma halimlishi, mifupa haina kosa. Akondroplasia, hali ya kuzaliwa inayofanya mikono na miguu iwe mifupi, ina ujanja wake: wiki ya 20 paja mara nyingi liko sawa, linaanza kuachwa nyuma baada ya wiki 24 huku kichwa kikiwa kikubwa. Kwa hiyo picha nzuri ya miezi mitano haijamaliza maneno. Tena watoto wapatao 8 kati ya 10 wenye hali hii wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Jeni, yaani chembe ya urithi, imebadilika upya kwa mtoto. Mawifi waache kutafuta ukoo wa kulaumu.

Cha kuogopa ni kifua chembamba, maana mapafu hukosa nafasi. Gawanya urefu wa paja kwa mzingo wa tumbo la mtoto: chini ya 0.16, au mifupa ikionekana imevunjika, dai rufaa ya hospitali ya Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara. Jeni hupimwa kwenye maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, ila sampuli huenda mbali. Uliza gharama mapema.

Mama mwenyewe akiwa na akondroplasia, nyonga yake ni nyembamba. Apangiwe upasuaji, na wiki za mwisho akae mjini.