Waulize Wajuzi wa Lugha: "Work hardly" itakukimbizia wageni

SWALI: Assalaam alaykum. Nafanya kazi katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe na nimepewa kuandika tangazo la Kiingereza la vyumba na ziara ya viungo. Nimeandika: "Our guides work hardly. The cloves smell strongly. We have wooden old carved beautiful doors." Mwenzangu anasema kuna makosa ila hanioneshi wapi. Skuli tulisomeshwa kuwa kivumishi ukikitia "-ly" kinakuwa kielezi. Msomaji, Malindi, Unguja.

JIBU: Waalaykumu salaam. Sentensi ya kwanza ndiyo yenye hatari. "Hardly" maana yake ni "kidogo mno, karibu na hakuna", kwa hivyo umewaambia wageni kuwa watembezaji wenu kazi hawaigusi. "Hard" ni kivumishi na ni kielezi papo hapo: "Our guides work hard." Na "fast" ni hivyohivyo, "fastly" haipo. Boti ikichelewa, andika "arrived late", maana "lately" ni "siku hizi". Kuna na "friendly", ambayo ina "-ly" lakini ni kivumishi: "a friendly cook" ni sawa, ila huwezi kusema mpishi "greets guests friendly". Sema "in a friendly way".

Katika sentensi ya pili, karafuu hazitendi kitu, unaeleza zilivyo. "Smell", "taste", "look", "sound" na "feel" zikitumika hivyo hutaka kivumishi: "The cloves smell strong." Kipimo chake chepesi: toa kitenzi, weka "are" au "is". "The cloves are strong" inasimama, basi ni kivumishi. Sasa tazama "The cook tasted the soup carefully." Ukiweka "was" hapo sentensi inaanguka, kwa sababu mpishi anatenda, anaonja; kielezi ndicho chake. Ila usiifute "strongly" moja kwa moja: ikifuatwa na "of" inakubalika, kama "The store smells strongly of cloves."

Vivumishi vya milango navyo vina foleni yake. Kiingereza hutanguliza rai ya msemaji, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, na mwisho kitu kilichotumika kutengenezea, kama mbao, ambacho hukaa ubavuni mwa nomino. "Carved" iweke kabla tu ya "wooden": "beautiful old carved wooden doors". Wala usivipe vivumishi wingi kwa kufuata mazoea yetu ya "milango mikubwa". "Bigs doors" hakuna.

Kwa rai yetu, hiyo "beautiful" ifute. Kila hoteli inaiandika, na picha ya mlango mgeni ataiona mwenyewe. Nafasi hiyo itumie kwa "a quiet top-floor room", maana hilo picha haiwezi kulisema. Na ukitaja Kiingereza cha mpishi, usiandike "speaks well English" wala "speaks English good". Ni "speaks English well", kielezi baada ya yambwa, yaani baada ya "English".