Maswali ya Wasomaji: Nani Anatoa Amri Kwenye Barafu ya Kaskazini?

Toleo lililopita lilikuwa na ramani ya kambi za kijeshi za Urusi katika Bahari ya Aktiki. Barua nyingi zilizofuata zimetoka Arusha na Moshi, na walioandika wanataka kujua mambo yanavyofanya kazi kuliko kujua nani ana bunduki ngapi. Tumewajibu hapa chini.

Mhariri, mwaka 2021 nilisoma kwamba wanamaji wa Urusi wa kaskazini wamepewa kanda yao ya kijeshi. Sasa nasikia hawana. Nishike lipi? (Msomaji, Monduli)

Shika yote mawili, kila moja na tarehe yake. Tarehe 1 Desemba 2014 Urusi ilianzisha Kamandi ya Pamoja ya Kaskazini, makao makuu yakiwa Severomorsk, mji wa wanamaji ulio jirani na Murmansk. Uti wa mgongo wake ulikuwa Kundi la Manowari la Kaskazini, ambalo lilianzishwa mwaka 1933. Admirali akajikuta anaamuru meli, nyambizi, ndege, makombora ya kutungulia ndege na askari wa nchi kavu kwa pamoja. Kwa Urusi hilo ni jambo geni, maana kanda zao kwa desturi huongozwa na jenerali wa nchi kavu. Tarehe 1 Januari 2021 kundi hilo likapanda hadhi na kuwa sawa na kanda ya kijeshi, likakabidhiwa mikoa minne: Murmansk, Arkhangelsk, Komi na Nenets.

Tarehe 1 Machi 2024 mambo yakageuka. Kanda ya Magharibi ilivunjwa, kanda za Leningrad na Moscow zikarudishwa, na mikoa ile minne ikaingia Leningrad. Admirali akabaki na bahari yake.

Kisa kikubwa ni Finland. Nchi hiyo iliingia NATO tarehe 4 Aprili 2023, na mpaka wake na Urusi una urefu wa kilomita zipatazo 1,340, karibu wote misitu na maziwa. Kuulinda mpaka wa namna hiyo ni kazi ya askari wa miguu, vifaru na mizinga, na wao wana kamandi yao. Tena brigedi mbili zilizokuwa tegemeo la nchi kavu huko, ya 200 iliyoko Pechenga na ya 80 ya Alakurtti, zilipeleka watu Ukraine mwaka 2022 zikarudi zimepungua sana. Kwa maoni yetu, ile hadhi ya 2021 ilimtwisha admirali mzigo wa kuandikisha vijana na kuendesha maghala ya bara, mambo ambayo makao yake hayakuundwa kuyabeba.

Kuna mawili watu huyasahau. La kwanza, Chukotka, ncha ya mashariki inayotazamana na Alaska, iko chini ya Kanda ya Mashariki, kwa hiyo hata enzi zile hakukuwa na mtu mmoja aliyeamuru Aktiki yote ya Urusi. La pili, nyambizi za aina ya Borei zilizoko kituo cha Gadzhiyevo, kila moja na makombora 16 ya nyuklia ya Bulava, ni za Kundi la Kaskazini kwa matunzo, mafunzo na ulinzi tu. Amri ya kurusha hutoka Moscow.

Mimi ni fundi wa magari hapa Unga Limited. Dizeli ikiganda wanafanyaje? Na gari la jeshi linawakaje kwenye hasi 40? (Fundi, Arusha)

Fundi, dizeli haigandi ghafla kama maji. Ndani yake mna nta, na baridi inapozidi nta hiyo hujitenga na kuwa chembe. Dizeli ya majira ya joto huanza kuwa na ukungu baridi ikikaribia sifuri au chini yake kidogo. Kinachosumbua hapo ni filta. Injini inawaka vizuri kwa dizeli iliyobaki kwenye mipira, inanguruma dakika chache, kisha inakosa nguvu na kuzima. Dereva asiyejua atalaumu pampu. Ukifungua filta unaikuta imejaa kitu kama samli.

Dawa ni dizeli ya Aktiki, iliyotengenezwa kustahimili takriban hasi 45 hadi hasi 50. Wengine huchanganya mafuta ya taa, lakini mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli vizuri, kwa hiyo ukizidisha unaua pampu. Na nta ikishajitenga, dawa za kumimina kwenye tangi hazisaidii tena: mafuta na filta lazima vipashwe joto kwanza.

Oili ya 15W-40 mliyoizoea huko inakuwa nzito kiasi cha stata kushindwa kuzungusha injini. Wanatumia oili nyepesi, 0W au 5W, na kabla ya kuwasha wanapasha moto maji ya injini kwa hita ndogo inayochoma dizeli. Betri ya asidi ikifika karibu hasi 18 inatoa nusu ya nguvu yake au pungufu, wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi. Tena betri iliyojaa chaji haigandi mpaka baridi ipite hasi 60, ila iliyoisha chaji huganda kwenye hasi 7 au 8 na kupasua ganda lake. Ndiyo maana betri huhifadhiwa ndani ya sanduku lenye joto na hazilazwi zikiwa tupu.

Kuhusu magari yenyewe, mitambo ya kutungulia ndege ya Tor-M2DT na Pantsir-SA, iliyoonekana kwenye gwaride la Moscow tarehe 9 Mei 2017, imebebwa na DT-30: vyumba viwili vya minyororo vilivyounganishwa katikati, vinabeba tani 30 na vinaelea majini. Minyororo mipana hugawa uzito usizame kwenye theluji. Wengi hudhani vilibuniwa kwa ajili ya baridi tu, kumbe kiangazi ndicho adui zaidi, pale tabaka la juu la ardhi linapoyeyuka na eneo zima kuwa tope lisilo na mwisho. Magari ya magurudumu hukwama Julai, si Januari.

Shikamooni. Sisi waongozaji tukifika Uhuru alfajiri, baridi ikiwa hasi 15 au 20, tunapiga picha na kuteremka. Hao wanakaaje kule? (Mwongozaji, Marangu)

Marahaba. Mfano mzuri ni kambi ya Nagurskoye, kwenye kisiwa cha Alexandra Land katika funguvisiwa la Franz Josef, kaskazini ya latitudo ya nyuzi 80. Imejengwa kwa watu 150 kukaa miezi 18 bila kubadilishwa, na eneo lake linazidi mita za mraba 14,000. Majengo yameunganishwa ili mtu afike bwenini, jikoni na kazini bila kutoka nje. Huko jua likizama katikati ya Oktoba, huonekana tena mwishoni mwa Februari.

Jengo limesimama juu ya nguzo, na upepo hupita chini yake. Ardhi ya huko imeganda daima, na ugumu wake ndio msingi. Ukiweka nyumba yenye joto moja kwa moja juu yake, joto linashuka, barafu ya ndani inayeyuka, udongo unanywea upande mmoja, kuta zinapasuka. Hilo si la jeshi peke yake: Mei 2020 huko Norilsk tangi la mtambo wa umeme lilipasuka baada ya nguzo zake kudidimia, zikamwagika tani zaidi ya 20,000 za dizeli.

Mzigo mkubwa, yaani mafuta, saruji na vipuri, huja kwa meli katika wiki chache za mwisho wa kiangazi ambapo barafu imelegea. Kilichosahaulika kitasubiri mwaka mzima au kitaletwa kwa ndege, kwa gharama kubwa. Ukitaka kupima nguvu ya kambi ya namna hii, achana na picha za makombora. Hesabu matangi ya mafuta, na uangalie urefu wa njia ya kurukia ndege.

Ushauri mmoja utakaowafaa hata mlimani: silaha haiingizwi kwenye chumba chenye joto na kutolewa tena. Unyevunyevu hujijenga juu ya chuma, kisha ukiganda nje, bunduki inakataa. Huachwa nje chini ya ulinzi, ikiwa imefutwa oili nzito. Kamera za wageni wenu pia zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingizwa hotelini.

Nafunga madishi Moshi mjini. Setilaiti zinafika huko? (Fundi dishi, Soweto)

Hizo unazozielekezea wewe, karibu hazifiki. Setilaiti za aina hiyo zinaning'inia juu ya Ikweta kwa kilomita kama 36,000. Moshi iko karibu na Ikweta, kwa hiyo dishi lako linatazama juu. Ukiwa nyuzi 75 kaskazini setilaiti iko nyuzi kama 6 tu juu ya upeo wa macho, na ukipita nyuzi 81 imezama kabisa. Kilima kimoja kinatosha kukukatia mawasiliano.

Warusi walilitatua mapema. Tangu 1965 walirusha setilaiti za Molniya, zinazozunguka kwa saa 12 kwenye njia ndefu kama yai. Upande wa kaskazini huenda polepole, hivyo moja huonekana kwa takriban saa 8, na tatu zikipangwa vizuri zinashika zamu ya siku nzima. Leo jeshi lao linatumia Meridian kwa mtindo uleule. Redio ya masafa mafupi bado ipo kama akiba, ila jua likitoa dhoruba hunyamaza kwa saa nyingi, hata siku.

Hakuna mkataba unaokataza kambi huko kama Ncha ya Kusini? (Mwanafunzi, Moshi)

Hakuna. Mkataba wa Antaktika wa 1959 unakataza kambi za kijeshi kule kusini. Kaskazini katikati ni bahari, inaongozwa na sheria ya bahari ya 1982, na nchi kavu inayoizunguka ni mali ya nchi husika. Baraza la Aktiki, chombo cha ushirikiano cha nchi za huko kilichoanzishwa 1996, liliweka kando masuala ya usalama wa kijeshi tangu siku ya kwanza. Penye tofauti ni visiwa vya Svalbard tu: mkataba wa 1920 unaizuia Norway kujenga vituo vya wanamaji au ngome humo.

Na Kanada, wanalindaje kaskazini yao? (huyohuyo)

Makao yao ya kaskazini yako Yellowknife. Kituo chao cha Alert, kilomita 817 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, hupata mahitaji kwa ndege. Doria ya kila siku wameiachia zaidi Canadian Rangers, wapatao 5,000, wengi wao wenyeji wa huko wanaoifahamu barafu. Idadi ni kubwa, lakini hao ni askari wa akiba wa macho na masikio, wenye bunduki za kawaida, kwa hiyo usiwalinganishe na brigedi ya Pechenga.