Mwenzako wa zamu akianza kujitenga

Msimamizi wa wadi, anza na ratiba ya zamu, maana huko dalili za anayewaza kujiua hutangulia. Muuguzi aliyekuwa akikwepa usiku sasa anauomba wiki baada ya wiki, asikutane na watu. Chai ya saa nne haji. Anakosea kipimo cha dawa anachokijua kwa moyo. Akianza kugawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyo yake, usingoje kesho.

Mwite pembeni, mbali na kaunta na simu, mkae chini. Litaje neno lenyewe: "Dada, umekuwa ukifikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandia wazo. Halipandi, humpa pa kutua mzigo. Ukiuliza, "Huwazi mambo ya kipumbavu, sivyo?" umeshamtilia jibu mdomoni. Akikubali, uliza kama amepanga namna, kama ana cha kutumia, kama ameweka siku. Kisha nyamaza, msikilize. Usimkumbushe watoto wala dhambi. Aibu anayo tele tayari.

Mwenye mpango haachwi peke yake, hata chooni mtu asimame mlangoni. Funguo za kabati la dawa zishikwe na mwingine, bila tangazo. Sisi tunashinda katikati ya dawa, na hapo ndipo hatari yetu ilipo. Hamu ya kufa mara nyingi hupanda kama wimbi kisha ikashuka, kwa hiyo kumweka mbali na kitu cha kumdhuru huokoa maisha.

Mfikishe siku hiyohiyo kwa daktari wa afya ya akili, ikiwezekana hospitali nyingine. Akitibiwa anapofanyia kazi, faili lake litapita mikononi mwa wenzake, na hofu hiyo huwazuia wengi. Kwa walio Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozi pesa. Anayeogopa polisi mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Akilazwa, majuma ya kwanza baada ya kuruhusiwa ndiyo ya kuogopwa zaidi, ingawa wengi hudhani amepona. Akirudi kazini, usimpange usiku kwanza. Mpigie siku ya pili, kisha kila wiki, umwulize amelala saa ngapi na leo amekula nini.