Eksirei safi, mgongo bado unamuuma

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ni fundi ujenzi, ana miaka 46, mgongo unamuuma mwezi wa pili sasa na usiku ndo balaa, jioni anapata homa, anatoka jasho hadi shuka linalowa. Mwiko ukimwanguka anapiga magoti kuuokota, hakunji mgongo kabisa. Eksirei ilisema mgongo hauna shida. Dukani wamempa antibayotiki, azianze?

JIBU: Marahaba dada. Hapana, asizianze kwanza. Maumivu ya kazi hupungua mtu akilala, ya kwake yanazidi usiku na yana homa, na hiyo ya kupiga magoti kuokota mwiko imenishtua kweli, maana ndo wanavyofanya watu wenye maambukizi kwenye diski, zile gegedo za kati ya pingili za mgongo. Eksirei wiki za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa wakati ndani kunaoza, kipimo chenyewe ni MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mgongo. Najua gharama yake, lakini hapa usibanie.

Mrudini hospitali kubwa wampime ESR na CRP, vipimo vya damu vya kuonyesha kama mwilini kuna uvimbe au maambukizi, halafu waoteshe damu maabara kumtafuta mdudu KABLA hajameza antibayotiki yoyote, kwa sababu akishameza mdudu anaweza asiote na mkabaki mnabahatisha dawa. Damu isipotoa jibu wanachoma sindano mgongoni kuchukua kinyama cha kupima. Mara nyingi ni bakteria aliyetoka kwenye jipu au UTI akasafiri na damu, lakini huku kwetu TB ya uti wa mgongo ipo sana na mtu anaweza asikohoe hata mara moja, na kama anakunywa maziwa mabichi mwambie daktari, kuna brusela pia, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo.

Bakteria wa kawaida dawa ni kama wiki 6, mwanzoni kwa dripu. TB ni miezi 9 hadi 12, dawa zake kwenye hospitali za serikali ni bure, na asiache eti kwa vile maumivu yameisha mwezi wa pili.

Ila miguu ikianza kuwa mizito, au ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma kutoka, usisubiri kliniki ya jumatatu dada yangu, mpeleke emajensi usiku huohuo, hapo usaha unaweza kuwa unabana mishipa ya fahamu na anahitaji upasuaji haraka.