Re: Hearts ya Windows XP, malkia wa shupaza ananiangukia kila mara

Mkuu wa Mwanjelwa, unauliza kwa nini kwenye Hearts, ule mchezo wa karata wa kompyuta, malkia wa shupaza anakuangukia kila mara. Hayo ni mazoea ya arubastini, karata zetu za mtaani. Kule unakula (unazoa karata za mezani) ili upate pointi, kwenye Hearts anayekula ndiye anayeumia. Kila kopa ni pointi 1, malkia wa shupaza peke yake 13. Mtu akifika 100 mchezo unaisha, na mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Mchezo unaharibika kwenye zile karata 3 za kumpitishia mchezaji mwingine mwanzoni. Ukiwa na ree (A) au mfalme wa shupaza halafu shupaza ndogo ni mbili tu, hizo kubwa ziondoke kwanza. Lakini ukiwa na malkia mwenyewe pamoja na shupaza nyingine 4 au zaidi, baki naye. Zile nyingine zinamkinga, na mashine ikianza na uru wakati wewe umeishiwa uru, unamtupia malkia hapohapo. Shupaza ndogo usizipitishe kabisa, ndiyo silaha yako.

Kama huna malkia, mfalme wala ree, anza na shupaza ndogo mapema na urudie mpaka malkia alazimike kutoka.

Kumbuka kila mgao wa nne hakuna kupitisha.

Na kuwa makini: mtu akikusanya pointi zote 26, yeye anaandikiwa 0, nyinyi watatu 26 kila mmoja. Ukiona mchezaji mmoja ameshakula malkia na kopa zote zilizotoka, kula kopa moja kwa makusudi. Pointi 1 ni nafuu sana.