Umemwona wifi akichota sandukuni: useme?

Dada, pole. Umemkuta wifi yako, mhazini wa kikoba (kikundi chenu cha kuweka na kukopa), akitoa pesa sandukuni kabla ya siku ya kikao, na unaogopa ukisema ndoa itayumba. Madeni yake ya dukani ningeyanyamazia. Hisa za watu, hapana.

Muulize kwanza mkiwa wawili, jikoni, bila neno “mwizi”. Huenda alitumwa. Mimi niliropoka kwenye grupu la WhatsApp, nikageuziwa kibao, nikaitwa mchonganishi. Halafu, kama sanduku lenu ni la kufuli tatu, funguo zake hukaa kwa watu watatu: hizo nyingine wifi alizipataje? Akikiri, mpe hadi kikao kijacho arudishe. Akigoma, mwone mwenyekiti, pesa zihesabiwe mbele ya wote, daftari wazi. Wakikuzima, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.